Mahindi ya Kumwagiwa Maji

Jumatatu, 2 Juni

Lango limenikalisha nje nusu ya asubuhi kwa sababu kadi yangu ilikuwa haijachapishwa. Askari wa lango, mtu mrefu asiye na haraka na jambo lolote, akaniambia bila kadi hata mwenye kampuni haingii. Nikamuuliza kama amewahi kumzuia mwenye kampuni. Akasema yule hajawahi kusahau kadi.

Nimeingia nikiwa nimevimba, na huko ndani nikanywea. Mimi nafundisha vipimo kwenye chuo kikuu cha umma, ambako projekta ni moja na ufunguo wa kabati lake anao mzee aliyekwisha kustaafu. Hapa kila darasa lina projekta, kiyoyozi na viti vinavyozunguka. Kampuni inasaga mahindi. Miaka michache iliyopita ikajenga chuo chake yenyewe ndani ya ukuta wa kiwanda, ifundishe watu wake na, kama linavyosema bango la mapokezi, izae ubunifu wa taifa. Profesa, mkuu wa idara yetu, ameniazima kwao kwa muhula mmoja. Nimeazimwa kama ngazi, sikuulizwa.

Mkuu wa Chuo amenipokea mwenyewe. Akanichorea duara tatu ubaoni, kampuni, chuo kikuu na serikali, akaziita mafiga matatu ya maendeleo. Neno lake ni mustakabali. Analitia kila mahali, na kabla ya chakula cha mchana wanachuo walikuwa wameshaninong'oneza kwamba wao humwita Bwana Mustakabali. Hata hivyo amenivutia. Anamtazama mtu usoni anapoongea naye, na huko nilikotoka hilo ni jambo adimu.

Jumatano, 4 Juni

Kaka amepiga simu, anaongea kwa sauti ya mwenyekiti. Kikundi chao cha wakulima ndicho kimechaguliwa kupokea kikaushio, ile mashine ya rangi ya chungwa inayotengenezwa hapa chuoni na ambayo Tume ya Ubunifu imeshaanza kuisifu. Watavuna mapema, watapukuchua mahindi yakiwa bado mabichi, watayapitisha kwenye mashine na kuyafunga kwenye magunia. Kila nyumba itaweka chakula chake cha mwaka, yanayobaki kampuni itanunua. Hakuna tena kuyaacha miezi kwenye vihenge yakipigwa na upepo, wala kugombana na panya.

Vihenge vyenyewe wameshavibomoa. Wanawake wamepata kuni.

Nilifurahi naye. Nikamtania kwamba sasa atavaa tai shambani, akasema tai anayo, ya harusi yake. Nyuma yake nilimsikia wifi akiongea, na alikuwa bado anaongea tulipoagana. Mke wa kaka huyo nilishampa jina la Redio, maana hazimwi. Anajua nani kanunua nini na nani kanuniana na nani, na asichokijua hukitunga.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Si wakati wake.

Jumatano, 11 Juni

Mvua tena. Nimefundisha mizani. Mwanachuo mmoja kasinzia, kiti kikamzungusha taratibu mpaka akaupa ubao mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Nilitaka darasa lipime mahindi mabichi, kwa kuwa mpaka sasa wamekuwa wakipima makavu kutoka ghalani. Nikanunua debe moja kwa mkulima wa njiani, yametoka shambani jana, nikaja nayo. Askari akachoma bambo lake, ule mkuki wa chuma wa kuchotea nafaka ndani ya gunia, akapima, akatikisa kichwa. Kanuni ya kiwanda ni kwamba nafaka yenye unyevu uliozidi asilimia kumi na tatu na nusu haipiti langoni, isije ikaambukiza ghala ukungu. Nikamweleza kwamba haya si ya ghala, ni ya darasa. Akasema lango ni moja. Tulibishana kwenye mvua, yeye akiwa na mwavuli.

Nimemkasirikia hadi saa ya chakula. Halafu kijiko kikanisimama mkononi. Kama mahindi mabichi hayapiti langoni, hicho kikaushio kimejaribiwa na nini?

Jumatatu, 16 Juni

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Mhandisi aliyebuni kikaushio ni kijana mpole, msafi, anayesalimia hata wafagizi kwa majina yao. Nilipomuuliza, hakuficha kitu. Akanipeleka karakana, akaagiza gunia la mahindi makavu kutoka ghalani, akayamwaga sakafuni. Kisha akachukua kopo la kumwagilia bustani, akayanyunyizia maji vizuri kabisa, akayageuza kwa koleo, akapima. Ishirini na tano. Akayatia kwenye mashine, tukanywa chai, akapima tena. Kumi na tatu. Akanionyesha michoro ya miaka miwili, mistari yote inashuka kwa adabu kutoka ishirini na tano hadi kumi na tatu.

"Haya ni mahindi makavu yaliyooga," nikamwambia.

"Kipimo kimesema ishirini na tano, Daktari."

"Kimesoma ngozi. Moyo wa punje umekauka tangu mwaka jana. Bichi la shambani maji yako ndani, hayatoki kwa kikombe kimoja cha chai."

Akanitazama kwa huruma. "Daktari, maji ni maji."

Angekuwa mwongo ningejua pa kumshika. Mwongo anajua ukweli kauficha wapi. Huyu alisomea hapa hapa, akaajiriwa hapa, sasa anafundisha hapa, na tangu aanze kazi hii hajashika punje iliyotoka shambani jana kwa sababu lango halimruhusu. Chuo kizima cha mahindi hakijawahi kuona hindi bichi. Kikajitengenezea la kwake kwa kopo la bustani, kikaliamini.

Jumanne, 17 Juni

Bwana Mustakabali amenisikiliza akinitazama usoni. Nimegundua leo kwamba kunitazama usoni ni kazi anayoweza kuifanya huku akiwaza mengine. Nilimwomba jambo dogo: mashine itolewe nje ya ukuta, tuijaribu na mahindi ya shambani kabla haijaenda kwa watu.

"Lakini ndiyo maana tunawapa wakulima," akasema. "Wao ndio jaribio letu."

Nikamwambia wakulima watakula jaribio lake. Hindi lililokauka nje na kubaki bichi ndani, likifungwa kwenye gunia, huota ukungu, na ukungu huo una sumu inayokula ini. Upike, uchemshe, usage, haitoki. Akasema anathamini mtazamo wangu.

Nikapiga simu Tume. Ofisa mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia Tume haina maabara, inategemea chuo kikuu. Nikampigia Profesa. Akasema idara haijawahi kuiona hiyo mashine, inategemea kampuni. Kampuni inasema imepitishwa na Tume. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa ni ndugu watatu wanaotegemeana. Mafiga matatu kweli, chungu hakuna.

Nikarudi kwa ofisa wa Tume, nikamuuliza kwa hiyo ni nani hasa aliyepima kwa niaba ya chuo kikuu. Akafungua kompyuta yake. Akanisomea jina langu.

Hiyo ndiyo kazi niliyoazimiwa. Hawakutaka nipime. Walitaka kuwe na mtu wa vipimo ndani ya jengo. Nilikata simu, na Profesa nilipompigia mara ya pili kumwambia kwamba ametumia jina langu, alinituliza kama mtoto. Wanafunzi wetu wanapata nafasi za mafunzo pale. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, akasema. Nikamjibu kwamba mimi sijatukana bado, asubiri.

Jumatano, 18 Juni

Nimempigia kaka. Nimemwambia ajenge vihenge upya, hata vibovu, mashine asiitegemee. Amenicheka kwanza, kisha akakasirika. Wamekwisha kuanza kuvuna. Miti ya vihenge imegeuka majivu. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu wazima wenzake akawaambia mashine inakuja, na sasa mdogo wake anataka asimame tena aseme aliota.

"Wewe tangu utotoni cha mwenzio hukiamini mpaka ukikague," akasema.

Ni kweli. Ndiyo maana wakanifanya mwalimu wa vipimo.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua.

Jumanne, 24 Juni

Mvua. Nimewapa wanachuo zoezi: kila mmoja avunje punje katikati, aitazame ndani. Mmoja akauliza kama litakuja kwenye mtihani. Nikamwambia litakuja kwenye sahani.

Ijumaa, 27 Juni

Mashine imefika kwa kaka. Amenitumia picha: mashine ya chungwa chini ya banda la bati, Mhandisi kasimama kando na buti mpya, na kaka kavaa tai. Kweli kaivaa.

Jumapili, 29 Juni

Nimekwenda. Nimerudi na hasira ambayo sijui pa kuiweka, basi naiweka hapa.

Banda limejaa watu na mvuke. Mahindi yanaingia mabichi upande mmoja, yanatoka upande wa pili yakiwa ya moto, yanang'aa, yanateleza vidoleni. Ukiyatia mkono utaapa yamekauka. Kipimo cha mashine kinasema kumi na tatu. Wanaume wanayafunga kwenye magunia yakiwa bado na joto, wanayapanga hadi kwenye paa. Kaka akanishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka kwenye rundo, akaniambia nikague.

Nilichukua konzi mbili. Nikaivunja punje moja kwa meno: nje gamba kavu, ndani laini. Nafaka ya moto hudanganya kipimo chochote, nikawaeleza, na mkiiacha ipoe maji ya ndani yatatoka nje. Nikawaomba wayamwage, wayaanike, wasiyafunge. Wapi pa kuyaanika, mmoja akauliza, na nje kunanyesha? Mwingine akauliza kama mimi si wa chuo hicho hicho chenye mashine. Wakacheka. Nilitamani nicheke nao.

Kaka hakucheka. Alinivuta kando, nyuma ya mashine, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimekuja kumvua nguo. Wenzake wamemwamini. Kampuni imemwamini. Dada yake tu ndiye hamwamini. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia ameuziwa mbuzi kwenye gunia na bado anamsifia pembe. Si maneno ya kumwambia kaka aliyenilipia shule, lakini nilikwisha kuyasema.

Jikoni nilimkuta Redio. Nilikuwa natafuta mtu wa kumgombeza, naye ndiye aliyekuwa karibu. Kabla sijaanza akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama kuna njia ya kujua bila kipimo.

Ipo. Nikamwomba chupa kavu yenye kifuniko na chumvi kavu. Tukatia mahindi yaliyokwisha kupoa, tukatia chumvi, tukatikisa, tukaiweka mezani. Akapika chai. Tulipoirudia, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, nyeupe pande zote. Kwenye mahindi makavu chumvi hubaki chini, nikamwambia, haishiki chupa.

Aliigeuza chupa ile mikononi muda mrefu. Halafu akaniuliza ni sumu ya namna gani. Nikamwambia. Akauliza kuhusu watoto. Nikamwambia.

"Wifi," akasema, "hiyo chupa niachie."

Jumanne, 1 Julai

Maandalizi ya sherehe. Wanapaka rangi mawe ya njiani. Meupe, ya chungwa, meupe, ya chungwa.

Alhamisi, 3 Julai

Redio amepiga simu. Amezunguka na chupa nyumba kwa nyumba, anasingizia kuazima chumvi. Kila anapokaa, anatia humo mahindi ya nyumba hiyo na chumvi, anatikisa chupa mbele ya mwenye nyumba, anaiweka, anapiga soga kama kawaida yake mpaka chumvi igande, ndipo anamwonyesha. Wanawake wamefungua magunia yaliyowekwa kwa chakula. Wameyamwaga ndani, juu ya mikeka, meza, makabati, popote. Kwa kaka watoto wamehamia sebuleni, mahindi yamelala kitandani.

Nikamuuliza kaka amesema nini. Amesema mkewe afanye atakavyo na chakula cha nyumba. Magunia ya banda ni ya kikundi, hayaguswi.

Miaka yote hii namcheka mwanamke huyu kwa mdomo wake. Wenye usomi tumeshindwa kufungua gunia hata moja.

Ijumaa, 4 Julai

Leo ilikuwa sherehe. Nitaiandika yote, kwa sababu najua kesho nitadhani nimeiota.

Ukumbi ulipambwa. Walikuja watu wa Tume, watu wa wizara, Profesa akiwa na suti ambayo sijapata kuiona, waandishi, na wanachuo wamepangwa kwa urefu. Kikaushio kingine, kipya, kilisimama jukwaani. Mhandisi akamwaga mahindi kwenye sinia kubwa mbele ya wageni, akachukua kopo la bustani, safari hii limefungwa utepe, akanyunyizia. Watu wakapiga picha kopo. Mashine ikanguruma, chai ikaandaliwa, na baada ya chai kipimo kikasoma kumi na tatu. Makofi.

Kisha Bwana Mustakabali akaniita niseme neno kwa niaba ya chuo kikuu. Profesa alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu nilipokuwa mwanafunzi wake. Nilipanda. Sikuwa na karatasi. Nilisema mahindi yale yalikuwa makavu kabla hayajamwagiwa maji, na mtu yeyote ukumbini aje avunje punje aone. Nilisema mashine hii haijawahi kukausha hindi bichi, kwa kuwa hindi bichi haliruhusiwi kupita langoni. Nilisema ipo sasa hivi kwenye banda la wakulima inapika magamba na kufungia maji ndani, na magunia yale yataota sumu. Nilisema kampuni ilidhani Tume imepima, Tume ikadhani chuo kikuu kimepima, na chuo kikuu ni mimi, na mimi sikupima. Nilisema izimwe leo.

Nilitegemea kuzomewa. Nilitegemea kushushwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa askari.

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi kuliko walivyomshangilia Mhandisi. Mwenyekiti wa Tume alisimama, akashika kipaza sauti, akasema huu ndio uwazi ambao mfumo wetu wa ubunifu unauhitaji, na kwamba mrejesho wa Daktari utaingizwa kwenye awamu ya pili. Ndipo akatangaza awamu ya pili: vikundi zaidi, mashine zaidi, msimu ujao. Bwana Mustakabali akanishika mabega tupigwe picha. Akaninong'oneza kwamba nimekuwa jasiri na kwamba angependa niiongoze awamu hiyo. Nikamuuliza kama mashine ya kwa kaka itazimwa. Akasema tusichanganye mambo, leo ni siku ya furaha.

Profesa alinikuta mlangoni akanipongeza. Alidhani mimi na Bwana Mustakabali tumepanga.

Nimewahi kukasirika nikapiga kelele, nikatupa vitu, nikalia. Leo ni mara ya kwanza nimekasirika nikahisi baridi. Ukigombana na mtu unategemea akuzuie. Hawa wanafungua mlango, wanakukaribisha, wanakupa chai, na ulichokisema kinakuwa chao.

Jumatatu, 7 Julai

Picha yangu na Bwana Mustakabali imetundikwa mapokezi. Nimeishusha. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa imerudi.

Alhamisi, 10 Julai

Kaka ameleta magunia ya kikundi kuuza kiwandani, lori zima. Nilikuwa darasani aliponipigia. Hakusema sababu, alisema tu niende langoni.

Askari alikuwa ameshachoma bambo kwenye magunia ya nyuma, ya kati na ya juu. Ishirini na moja. Ishirini. Ishirini na moja. Hayapiti. Kaka, na tai yake, akawa anamweleza kwa upole kwamba mahindi haya yamekaushwa na mashine ya kampuni hii hii, iliyoletwa na mtu wa chuo hiki hiki, kilicho mita chache nyuma yake. Askari akasema yeye mashine haijui, anajua bambo.

Nilimtafuta Bwana Mustakabali. Yuko kwenye kikao. Nilimtafuta Mhandisi, naye akaja mbio, masikini, akachoma bambo mwenyewe, akasoma, akachoma tena mahali pengine. Alisimama pale mvua ikimlowesha, anaitazama ile namba. Hakusema maji ni maji. Alirudi ndani bila kumuaga mtu, na nikawa siwezi hata kumchukia vizuri.

Lori likageuzwa. Kaka alipanda bila kunitazama.

Jumapili, 13 Julai

Redio anasema ukitia mkono kati ya magunia ya bandani unakuta joto, na mashine imezimwa tangu Jumatatu. Yameanza kuoza.

Jumanne, 15 Julai

Nimeandika barua kwa Profesa kwamba naurudisha muhula wake. Nimeomba jina langu litolewe Tume. Amejibu kwamba jina likishaingia kwenye mfumo haliwezi kutolewa, linaweza tu kuongezewa lingine.

Alhamisi, 17 Julai

Bado mvua. Wanakikundi wamekutana bila mwenyekiti wao. Wapo wanaotaka yale ya bandani yaoshwe, yachanganywe na mazuri, yauzwe mbali ambako hawajulikani, au yasagwe upesi kabla harufu haijazidi. Redio ameniambia haya kwa kifupi kabisa. Ni mara ya kwanza nimemsikia akikosa maneno.

Nimemwambia namwomba Mungu kaka asikubali. Akasema kaka yangu hali, halali, na hajaniulizia.

Jumamosi, 19 Julai

Kaka alinipigia asubuhi. "Njoo," akasema, basi.

Nilikuta watu wote wamesimama nje ya banda, wengine na miavuli, wengine na mifuko ya nailoni kichwani. Walikuwa wamekwisha kugombana, ilionekana. Magunia yalikuwa yamefunguliwa. Harufu ilinifikia kabla sijafika. Juu mahindi yalikuwa na rangi yake, lakini kaka alipochoma mkono wake na kuutoa, ulitoka na mabonge, ya kijani, ya kijivu, yameshikana. Mtu mmoja alikuwa bado anasema tunaweza kuchambua. Kaka akamwambia achague gunia lolote, achambue, akapike, amlishe mtoto wake mwenyewe akimtazama.

Walikwisha kuchimba shimo, la kina kifupi, maana ardhi imejaa maji. Kaka akabeba gunia la kwanza, lake mwenyewe, lenye herufi zake, akalimwaga. Akarudi akabeba la pili lake. Hakumwomba mtu. Alipoanza la tatu, wengine wakaingia bandani mmoja mmoja. Mzee mmoja alilia waziwazi, hakujifuta. Mimi nilibeba na wifi, yeye mbele, mimi nyuma. Msimu mzima, mgongo na jembe na mbegu, tuliutupa kabla ya adhuhuri. Kilichobaki kwa nyumba zote hizi ni kile kilicholala vitandani na juu ya makabati, na kwa hicho watatafuta namna ya kufika mavuno mengine. Hakitatosha. Kila mtu pale alijua hakitatosha.

Mvua ilikatika kidogo. Kaka akamwaga mafuta ya taa juu ya rundo, akawasha karatasi, akaitupa. Moto ukapanda, ukayala mafuta, ukashuka. Akamwaga tena. Ukapanda, ukashuka. Tulisogea kutazama. Juu mahindi yalikuwa yameungua kidogo, meusi, na chini yake yalikuwa yanatoa mvuke na kulia taratibu, maji yakitoka kwenye punje yakizima moto yenyewe. Akaleta kuni kavu kutoka jikoni, akazipanga, akawasha. Kuni ziliungua zikaisha. Mahindi hayakuwaka.

Kaka alisimama ukingoni na dumu tupu mkononi. Nilidhani atanigeukia mimi, na nilikuwa tayari, hasira zangu zote nimezibeba kwa ajili yake, kwa ajili ya tai na vihenge na kucheka kwake kwenye simu. Aliongea bila kugeuka.

"Yule askari alisema asilimia ngapi?"

"Ishirini na moja," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa. Akaweka dumu chini, akachukua koleo, akaanza kufukia, na mimi nikaenda kutafuta jingine.